Mbio za Gatini



Ninyi mkaao Mombasa na Unguja mmekwisha kuziona zile meli kubwa nyeupe za watalii, ndefu kama mtaa mzima, zenye madirisha yasiyohesabika. Huja asubuhi, zikateremsha watu wake waende kutembea, na jioni zikaondoka. Ninyi wa bara, ambao meli mliyoizoea ni ile ya ziwani yenye magunia ya dagaa, nawaomba mfikiri hoteli yenye vitanda elfu mbili au tatu, imewekwa juu ya maji, ikatiwa injini. Watu wake hawasafiri ili wafike mahali. Wamelipa ili wazungushwe, leo bandari hii, kesho ile, na usiku walale huku wakienda.

Basi, katika bandari za meli hizo kuna mchezo usioandikwa katika ratiba yoyote, nao ndio ninaotaka tuuzungumze wiki hii. Chukua Nassau, katika visiwa vya Bahama, ambako meli nyingi za namna hiyo hufunga gatini. Saa ya kuondoka inapokaribia, wale waliokwisha kurudi hupanda juu wakasimama penye vyuma vya ukingo, vinywaji mkononi, wakitazama chini. Wanangoja kitu kimoja tu: waliochelewa. Na mara hao! Mume yuko mbele, mifuko ya vitu alivyonunua inampiga miguuni. Mke yuko nyuma, kandambili moja imekwisha kumtoka wala hairudii. Mtoto anakokotwa kwa mkono kama mbuzi apelekwaye mnadani. Huko juu kelele zinapasuka. Wengine wanapiga makofi kuwatia moyo, wengine wanazomea, na wengi wameinua simu zao wanawapiga picha, ili watu wa nchi za mbali nao wapate kucheka. Wasafiri wa meli hizo wamewapa watu hao jina: wakimbiaji wa gati.

Ukizitazama picha hizo utacheka. Mtu mzima anayekimbia na kofia ya ukili mkononi ana kichekesho chake, na Mungu hakutuumba tuwe na nyuso za mawe. Lakini picha huishia pale ngazi inapoinuliwa, na mimi nataka tumfuate kidogo yule aliyebaki gatini.

Kwanza tuulize kama meli ingeweza kumngoja. Watu wengi hudhani nahodha anayeondoka huku akimwona mtu anakuja mbio ana moyo mgumu. Tazama mambo yalivyo. Katika meli hizo saa ya mwisho ya kuingia huwa nusu saa au zaidi kabla ya saa ya kung'oa nanga, na saa hiyo hubandikwa mlangoni, hutangazwa kwa kipaza sauti, tena huandikwa katika karatasi ya kila siku. Kila msafiri ana kadi yake. Akitoka, kadi husomwa na mashine. Akirudi, vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna kubahatisha: ofisa wa mlangoni ajua kwa majina nani hayumo. Majina huitwa. Yasipoitikiwa, watu wa meli huenda katika chumba cha mhusika wakatafuta pasi yake ya kusafiria, na pasi hiyo huachwa kwa wakala wa meli pale bandarini. Mtu asiyekuwa na habari anaweza kuwa bado anachagua shanga sokoni, na pasi yake imekwisha kumtangulia kushuka ngazi.

Wakati huo rubani wa bandari amekwisha kupanda. Mashua za kuvuta meli zimekwisha kuja. Nafasi ya gati hulipiwa, na pengine meli nyingine inaingoja. Bandari ya kesho nayo ina saa zake, na mahali pengine ina kina cha maji kinachoruhusu meli kuingia wakati wa maji kujaa tu. Meli ikitaka kufidia saa moja iliyopotea yapaswa kwenda mbio zaidi usiku kucha, na chombo kikubwa namna hiyo ukikiongezea mwendo kidogo, mafuta kinayokunywa huongezeka kupita kiasi cha mwendo ulioongezwa. Manahodha wa majahazi wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Baba zao walikuwa wakiingoja kusi na kaskazi, na pepo hizo hazikumngojea abiria aliyekwenda kuagana na shangazi yake.

Na kuna hesabu nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ya mafuta. Fikiri bibi mzee aliyetamani kuliona kanisa la kale la mji, akatazama saa yake, akaona muda hautoshi, akageuza njia akarudi melini. Alijinyima ili atimize alichoagizwa. Nahodha akiwangoja wanne waliokaa mezani hotelini wakinywa bia, ametumia muda wa bibi yule kuwalipia wao, wala hakumwomba ruhusa. Na meli ina watu elfu mbili wa namna yake.

Hata hivyo, msomaji, jambo hili halikai sawa kila mara. Nitawasimulia habari ya mwaka 2024 iliyotangazwa katika magazeti ya nchi nyingi, nayo ilitukia hapa hapa Afrika.

Meli iitwayo Norwegian Dawn ilitoka Cape Town mwezi wa Machi kwenda Barcelona, ikipanda kwa upande wa magharibi wa bara letu. Tarehe 27 Machi ilifika São Tomé, kisiwa kilicho karibu na mstari wa Ikweta, kilichotawaliwa na Wareno mpaka mwaka 1975, chenye sifa ya kakao. Meli ilitia nanga nje, na watu wakapelekwa nchi kavu kwa mashua. Saa ya mwisho ya kurudi ilikuwa saa tisa alasiri. Watu 8, Wamarekani 6 na Waaustralia 2, walikuwa wamekodi matembezi yao wenyewe na watu wa pale kisiwani, yasiyotengenezwa na meli. Wakachelewa. Mashua ya mwisho ilikuwa imekwisha kwenda.

Kwa maneno yao wenyewe, walinzi wa pwani wa kisiwa waliwachukua katika chombo chao wakawafikisha karibu na meli, ingali imetia nanga. Hawakupandishwa. Meli ikaenda zake. Pasi zao za kusafiria ziliachwa kwa wakala wa bandari, na wao wakabaki na nguo walizovaa, katika nchi inayosema Kireno, isiyo na ndege nyingi za kwenda huko walikotaka. Dawa za wengine zilikuwa melini.

Wiki hiyo ilikuwa Juma Kuu, maana Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi. Wakati watu wengine wanapanga maua altarini, hao walikuwa wakitoka kiwanja cha ndege hiki kwenda kile, kutoka nchi hadi nchi, wakiifukuza meli. Pale São Tomé baadhi yao walimkuta mama mmoja mzee, naye wa meli ile ile, aliyekuwa ameteremshwa kwa sababu ya ugonjwa, nao walimsaidia apate njia ya kurudi kwa jamaa zake. Walikuwa na shida yao ya kuwatosha, wakajitwika na ya mwingine. Habari hiyo ilisemwa kidogo sana magazetini, na kule kuchelewa kwao kukasemwa sana.

Wakafika Banjul, mji mkuu wa Gambia, meli ilikotazamiwa kutia nanga. Meli haikuingia! Hali ya hewa na maji ya mlango wa mto havikuruhusu. Basi wakavuka mto Gambia kwa kivuko, wakapanda gari, wakaingia Senegal, na tarehe 2 Aprili, siku ya sita tangu waachwe, wakaikuta meli Dakar. Wenye meli walisema kwamba kurudi kwa wakati ni wajibu wa msafiri mwenyewe, ila wakaahidi kuwarudishia gharama ya safari ya kutoka Banjul mpaka Dakar.

Sasa, nahodha alikosa? Watu waligombana juu ya jambo hilo, na mimi nitasema langu. Juu ya saa, nahodha alikuwa na haki, kwa sababu nilizokwisha kutaja. Waliokodi matembezi yao wenyewe walijua kwamba meli haiwajibiki kuwangoja. Juu ya ngazi, nasita. Najua kwamba karatasi za bandari zikiisha kutiwa sahihi na hesabu ya watu kufungwa, si jambo la mchezo kuifungua tena. Najua pia kwamba kumpandisha mtu kutoka chombo kidogo kinachoruka ruka ubavuni mwa meli ni hatari. Lakini mtu akiisha kufika chini ya meli yako, ukaweza kumwona uso, tena meli bado haijang'oa nanga, naona vigumu kusema kwamba saa ni saa. Kama ingekuwa ni mimi, ngazi ingeshuka. Nasema hivi nikiwa nimeketi juu ya kiti kisichoyumba, na nahodha ndiye ambaye angeulizwa kama mmoja wao angeanguka majini.

Wala msidhani kila anayeachwa ni mzembe aliyekwenda kwa njia zake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, huko Ketchikan katika jimbo la Alaska, watu 9 wa ukoo mmoja, wakiwamo watoto, waliachwa na meli nyingine ya kampuni ile ile. Hao tikiti za maonyesho ya wakata miti walikuwa wamezinunua kwa meli yenyewe, na kwa maelezo yao basi la kuwarudisha lilijaa wakakosa nafasi. Juu ya taabu hiyo wakapatwa na ya pili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hukataza meli ya kigeni kuchukua msafiri katika bandari moja ya nchi hiyo na kumwacha katika bandari nyingine ya nchi hiyo hiyo, isipokuwa kwa masharti yake. Kwa kuwa hawakumaliza safari yao, wakadaiwa faini ya karibu dola 9,000 kwa wote. Kampuni ilisema baadaye kwamba itawarudishia fedha zao. Haya, wale waliosimama ukingoni na simu zao, kama walikuwapo jioni ile, wangejuaje kwamba waliochelewa ni watu waliokosa basi?

Hapo ndipo ninapoudhika. Nahodha anayeondoka ana sababu zake. Yule anayecheka juu ya sitaha ana sababu gani? Amekula, ameoga, kitanda chake kimetandikwa, na pasi yake i salama. Mchezo wake unanoga kadiri mwenzake anavyozidi kushindwa. Mkimbiaji akifika na kupandishwa, umati unapiga makofi, lakini wako wanaonung'unika kama watu walionyimwa bao.

Mtu wa dini atawakumbuka upesi wale wanawali kumi wa Injili ya Mathayo, naye atataka kuwatupia wakimbiaji wa gati mfano huo: mlango ulifungwa, basi! Ngoja kidogo, ndugu. Mfano huo umeusoma wote? Wale watano wenye busara waliingia arusini na mlango ukafungwa. Sioni mahali palipoandikwa kwamba walisimama dirishani wakiwacheka wenzao waliokuwa wakibisha gizani.

Na kama wataka habari ya Maandiko iliyo karibu zaidi na bandari, isome sura ya ishirini ya Matendo ya Mitume. Mtume Paulo aliwaacha wenzake watangulie kwa meli, yeye akaenda kwa miguu kutoka Troa mpaka Aso, wakampakia huko. Hakukuwa na mbio wala kelele, maana walikuwa wamepatana tangu mwanzo. Mbele kidogo twasoma kwamba alikusudia kuipita Efeso bila kushuka, kwa kuwa alitaka sana kuwahi Yerusalemu kwa Pentekoste. Efeso alikuwa na rafiki wengi. Akaona afadhali aende mpaka Mileto na kutuma watu wawaite wazee wa kanisa wamjie huko. Nadhani aliwajua rafiki zake vizuri. Angeingia katika nyumba zao, nani angemruhusu atoke kabla ya chakula?

Sasa niwageukie vijana wetu wa pwani, maana jambo hili si la wageni peke yao. Wale 8 wa São Tomé walikuwa mikononi mwa watu wa kisiwani waliowatembeza. Hapa kwetu, mgeni akiteremka Kilindini au Unguja, mara nyingi huwa mikononi mwako wewe, kijana mwenye gari au mwenye mashua. Hajui kwamba barabara ya kutoka Tsavo hujaa malori penye Mariakani na Mazeras. Hajui kwamba aliyekwenda kuoga Diani ana kivuko cha Likoni cha kungoja, na kivuko nacho kina foleni yake. Kwake Jozani na Nungwi ni majina mawili katika karatasi, yako karibu kama vidole viwili. Wewe ndiwe ujuaye. Ukimwambia kwamba muda upo, na haupo, kwa kuwa hutaki kupoteza fedha za kituo kimoja zaidi, utakuwa umemuuza.

Tena liko jambo la saa lenyewe, nalo si dogo. Sisi twahesabu tangu kupambazuka, wao wahesabu tangu usiku wa manane. Mgeni aliyejifunza maneno yetu mawili matatu melini, akataka kukupendeza, atakuambia urudi «saa tatu», naye moyoni ana maana ya saa tisa alasiri. Ukimwamini, utakwenda kumchukua usiku, na meli iko mbali.

Halafu meli ina saa yake mwenyewe, ambayo pengine si saa ya mji. Cape Town imeitangulia São Tomé kwa saa mbili. São Tomé yenyewe ilisogeza saa zake mbele mwanzoni mwa mwaka 2018, ikazirudisha mwanzoni mwa 2019, na wenyeji wakawa na mwaka mzima wa kuulizana. Kwetu hapa, meli itokayo Shelisheli inatoka nchi ambayo saa yake imetangulia yetu kwa saa moja. Ikiwa nahodha hakuirudisha saa ya meli nyuma, basi saa kumi na moja jioni ya mle melini ni saa kumi ya ukutani kwako. Mgeni ametazama saa ya chumbani mwake, wewe umetazama simu yako, na kila mmoja ana hakika.

Kwa hiyo usiridhike na maneno. Mwombe akuonyeshe ile karatasi ya siku aliyopewa, uione saa ya mwisho imeandikwa, kisha linganisheni saa zenu mkiwa bado pale gatini, kabla hujawasha gari. Mwambie achukue na nambari ya simu ya wakala wa meli, ambayo huwa katika karatasi ile ile. Ikitokea gurudumu limepasuka Mazeras, huyo ndiye wa kupigiwa mapema, wakati bado kuna la kufanya. Kama ana dawa za kila siku, azitie mfukoni. Toa saa nzima katika hesabu yako, uifanye kama haipo. Na kama atataka madafu, mnunulie wakati wa kwenda.